Vidonge vya Huku na Vidonge vya Kule

Katika mtaa wa darajani kila nyumba ilikuwa na saa mbili, na zote zilikuwa sahihi. Ng'ambo ya mto ilikuwa nchi nyingine, na nchi hiyo ilikuwa mbele kwa saa moja. Huku ikiwa saa mbili asubuhi, kule wameshafika saa tatu na wanakulaumu kwamba umechelewa. Simu nazo hazikuwa na msimamo. Ukifika katikati ya daraja, simu inadaka mtandao wa kule na kuruka saa moja mbele. Ukirudi nyuma hatua ishirini, inarudi na wewe. Kwa hiyo watu wa mtaa ule waliulizana mambo mawili siku nzima: ni saa ngapi, na tuko upande gani. Mtu akikuuliza hivyo, hukumwona kuwa amechanganyikiwa. Ulimjibu tu na kuendelea na yako.

Ndiyo maana Mama Shazia alichelewa kujua kwamba mume wake ana tatizo.

Mume huyo aliitwa Breki. Alikuwa mpagazi wa mkokoteni. Leo alivusha saruji, kesho vitunguu, keshokutwa magodoro. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu mkokoteni wake haukuwa na breki, ukiacha visigino vyake mwenyewe. Mke wake alikaa kando ya geti la daraja akishona magunia yaliyopasuka. Shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, haikumtoka mkononi, na jina likamganda. Walikuwa na watoto watatu, na mama mzazi wa Breki, na vyumba viwili ambavyo mvua ikinyesha vinabaki kimoja na nusu.

Nyumba nzima ilikula kwa sababu ya kibali cha Breki. Kilikuwa kadi ndogo ngumu yenye picha yake. Askari wa geti alikitazama kabla ya kumruhusu kuvuka. Mwenye kibali ni mpagazi. Asiye nacho ana mbao na matairi tu.

Breki alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Zahanati ya huku walimpa vidonge vyeupe, kimoja kila asubuhi baada ya kula. Miezi michache baadaye dawa ziliisha. "Hazijafika," waliambiwa pale dirishani. Wiki iliyofuata waliambiwa, "Bado." Breki akavuka daraja, akaenda kliniki ya ng'ambo. Kule walimpima, wakampa kadi nyingine ya kliniki na vidonge vya pinki, kimoja kila asubuhi. Baada ya siku kumi, dawa za huku zikafika.

"Sasa utameza zipi?" aliuliza Mama Shazia.

"Zote," alisema Breki. "Wa huku hawajaniambia niache za kule. Wa kule hawajaniambia niache za huku. Mimi ni nani nibishane na madaktari wawili?"

"Umewaambia kwamba unazo zote?"

"Nimwambie nani, mama watoto? Wa huku wakijua, watasema rudi hukohuko ulikopewa. Wa kule wakijua mimi si wa kwao, wataninyang'anya kadi. Maskini akipata mlango wa pili hapigi kelele."

Mama Shazia aliona maneno yale yana akili. Katika maisha yao hawakuwahi kuwa na mbili za kitu chochote kizuri. Alitafuta kopo safi la majani ya chai, akaziweka paketi zote mbili humo, akalifunika vizuri.

Asubuhi zao zilifanana. Mama Shazia aliamka kwanza, akabandika chai na kuchemsha viazi. Viazi vilikuwa vichache kuliko midomo. Breki alimeza kidonge cheupe, akameza cha pinki, akanywa chai kavu isiyo na sukari. Kisha akasukuma sahani yake kwa watoto.

"Kula wewe, baba watoto."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini?"

"Usingizi," alisema Breki, akachukua kofia yake na kwenda kusukuma saruji.

Jumatatu moja, kama saa nne, Breki alikuja hadi kwenye magunia ya mke wake. Alisimama.

"Tuko upande gani?" aliuliza.

"Wa huku," alijibu Mama Shazia. Uzi ulikuwa mdomoni na hakuinua kichwa.

"Na ni saa ngapi?"

"Nne ya huku, tano ya kule."

"Ahaa," alisema Breki. Lakini hakuondoka. Aliutazama mkokoteni wake kwa muda mrefu, utadhani ni wa mtu mwingine. Mama Shazia aliinua macho wakati huo, akaona shati lake limelowa jasho. Na asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

Jumatano alipeleka vitunguu kwenye duka la saruji. Mwenye duka alimwambia amepotea, naye akamfokea kwamba vitunguu ni saruji ya jikoni. Watu walicheka sana. Mama Shazia alicheka nao, kisha akajiuliza kulikoni. Breki hakuwa mtu wa kufoka.

Juma lililofuata alisimamisha mkokoteni katikati ya daraja na kuukalia. Malori ya huku yalipiga honi, malori ya kule yakapiga honi. Askari wa geti, ambaye kila mtu alimwita Afande, alikwenda akamshika mkono na kumtoa njiani.

"Mara ya pili hii, baada ya vile vitunguu," Afande alimwambia Mama Shazia. "Namheshimu mumeo, lakini mlevi simruhusu darajani. Akirudia, kibali nakichukua."

"Afande, mume wangu hanywi pombe."

"Harufu sisikii, ni kweli. Lakini macho yale ni ya mlevi."

Ajabu ni kwamba mchana, akishakula, Breki alirudi kuwa yuleyule. Alitania, alihesabu mizigo, aliuliza kwa nini watu wanamtazama. Asubuhi ya kesho yake mambo yalianza upya.

Mama Shazia hakujua ashike lipi. Mama mkwe wake alisema ni mkono wa mtu. "Mwanangu ameonewa wivu," alisema. "Watu hawapendi kuona mtu anavuka na kurudi." Mpagazi mmoja alisema ni jua. Afande alisema ni pombe. Mama Shazia alimnusa mume wake mdomoni akiwa amelala, akasikia harufu ya chai tu. Aliwaza hata habari ya saa. Labda mtu anayebadilisha saa mara nane kwa siku, mwisho moja inampotea kichwani. Aliwaza hivyo, kisha akajiona mjinga, kisha akawaza tena. Alikuwa amechanganyikiwa kuliko mgonjwa mwenyewe, na aliogopa.

Mwisho aliamua mwenyewe. Mume wangu ana kisukari, alisema moyoni. Bila shaka sukari imepanda, imemwingia kichwani. Akaondoa ndizi nyumbani. Akamwambia Breki apunguze hata kile kiazi kimoja alichokuwa akikubali siku nyingine. Breki alikubali bila ubishi. Watoto walifurahi, walipata cha ziada. Na Mama Shazia alilala akiwa na raha kidogo, maana alidhani ameishika dawa kwenye mzizi.

Siku mbili baadaye, mwuza maji alimwita kutoka getini.

"Mama Shazia, njoo upesi. Mumeo ameshikwa."

Aliacha gunia na shazia ikining'inia. Alimkuta Breki kibandani kwa Afande, amekaa sakafuni. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Mikono ilimtetemeka. Alipomwona mke wake alitabasamu.

"Dada, umekuja," alisema. "Fungia mbuzi, mvua inakuja."

Hawakuwahi kuwa na mbuzi hata mmoja. Na dada yake Breki alikuwa kaburini mwaka wa sita.

Afande alishika kile kibali mkononi. "Ameangusha mfuko wa saruji karibu na mguu wa mama mmoja," alisema. "Safari hii sirudishi."

Kwenye dirisha la kibanda palikuwa na foleni ya watu wanaongoja kuvuka. Ndani ya foleni hiyo alikuwemo mhudumu wa afya wa mtaa. Watu walimwita Dada Daftari, kwa sababu alitembea nyumba kwa nyumba na daftari kwapani, akiuliza nani anakohoa na nani ana mimba. Aliacha nafasi yake, akaingia kibandani, akapiga magoti mbele ya Breki. Alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi na umelowa.

"Shemeji, unanisikia?"

"Nasikia. Wewe ndiye mwenye mbuzi?"

Dada Daftari hakucheka. Alimgeukia Mama Shazia. "Ana ugonjwa gani?"

"Kisukari."

"Amemeza dawa leo?"

"Amemeza. Hakosi hata siku moja."

"Amekula?"

"Chai," alisema Mama Shazia. "Chai kavu."

"Afande, nipe sukari yako ya chai. Upesi."

Aliposikia neno sukari, Mama Shazia alijiweka katikati. Alitandaza mikono kama anazuia mlango. "Unataka kumuua?" alisema. "Mtu ana kisukari, sukari imempanda kichwani, nawe unamwongeza? Haigusi."

"Dada yangu, haijapanda. Imeshuka."

"Zahanati walisema sukari ni sumu kwake."

"Walisema asile ovyo, na walisema kweli. Lakini sasa hivi imemwisha mwilini. Tazama jasho. Tazama mikono. Tukingoja atazimia, na akizimia hatutaweza kumnywesha kitu. Itakuwa ni kukimbizana na roho. Dada, nisogezee nafasi."

Mama Shazia alimtazama mume wake. Alimtazama Dada Daftari. Hakuelewa hata neno moja kati ya yale aliyosikia. Sukari ni sumu, sukari ni dawa, huku, kule. Alichojua ni kwamba yule mwanamke hatetemeki, na yeye anatetemeka. Akasogea.

Dada Daftari alikoroga vijiko vinne vya sukari katika nusu kikombe cha maji. Alimshika Breki kichwa, akahakikisha anameza vizuri, kidogo kidogo.

"Sasa tungoje dakika kumi na tano," alisema.

Ukutani kwa Afande kulikuwa na saa mbili, ya huku na ya kule. Mama Shazia aliuliza, "Tutazame ipi?"

"Yoyote, dada. Dakika ni zilezile kote."

Walingoja. Foleni yote ilikuwa ikichungulia dirishani. Dakika ya kumi, mikono ya Breki iliacha kutetemeka. Dakika ya kumi na mbili alijifuta jasho kwa mkono wa shati, akawatazama mmoja mmoja.

"Mbona mmenikalia matanga?" aliuliza. "Afande, hicho si kibali changu?"

Mama Shazia alikaa chini sakafuni karibu naye, akalia mbele za watu bila kuona haya.

Afande alitafuta mkate uliobaki kwenye kabati lake, Breki akaula wote. Kisha walimpakia kwenye mkokoteni wake mwenyewe. Wenzake walimsukuma hadi zahanati, na njiani walimuuliza kama anajua nauli. Daktari alimpima, akasema atalala pale hadi kesho. "Dawa hii inakaa mwilini muda mrefu," alieleza. "Sukari inaweza kushuka tena hata baada ya kupanda. Tutamwangalia."

Dada Daftari alimwambia Mama Shazia, "Nenda nyumbani. Niletee kila kidonge kilichomo ndani, hata kama ni cha kuku."

Alirudi na lile kopo la majani ya chai. Dada Daftari alitoa paketi mbili, akaziweka mezani mbele ya daktari. Moja ilikuwa na maandishi ya bluu, nyingine ya kijani.

"Unasoma?" alimuuliza Mama Shazia.

"Naenda kisomo Jumamosi. Nasoma polepole."

"Polepole inatosha. Jina kubwa la paketi hii na la paketi hii, yanafanana?"

Mama Shazia aliyatazama. "Hayafanani."

"Sasa shuka chini. Kuna jina dogo chini ya lile kubwa. Weka kidole."

Aliweka kidole cha mkono wa kulia kwenye paketi ya vidonge vyeupe, na cha mkono wa kushoto kwenye paketi ya vya pinki. Akaenda herufi kwa herufi, mikono yote miwili ikitembea pamoja. Neno lilikuwa refu na la kigeni, hakulijua maana. Lakini herufi alizijua. Ya kwanza ilifanana. Ya pili ilifanana. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akaenda tena.

"Ni lilelile," alisema kwa sauti ndogo.

"Ni lilelile," alisema Dada Daftari. "Jina kubwa wanalitunga wenye kiwanda. Kila kiwanda kina jina lake na rangi yake. Jina dogo ndilo la dawa yenyewe. Mumeo, nyumbani mama yake anamwita mwanangu, getini anaitwa Breki. Je, ni watu wawili?"

"Ni mmoja."

"Basi na hii ni moja. Shemeji amekuwa akimeza dawa ileile mara mbili kila asubuhi. Kazi yake ni kushusha sukari. Ikiwa mara mbili, inashusha kupita kiasi. Na tumbo halina kitu, na anasukuma saruji. Kichwa cha mtu hakifanyi kazi bila sukari kidogo. Ikimwisha, anatoka jasho, anatetemeka, anasema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Asiyejua atasema amelewa."

Mama Shazia aliinamisha uso. "Na mimi nilimnyima viazi," alisema. "Nilidhani namponya."

"Hukujua, dada. Leo umejua."

Breki alikuwa akisikiliza kutoka kitandani. "Daktari, kosa ni langu," alisema. "Niliwaficha. Niliogopa mtanifukuza huku, na kule wanifukuze."

Daktari alivuta kiti. "Mzee, mimi simfukuzi mtu kwa sababu amekwenda kutafuta dawa wakati kwangu hazipo. Lakini nisipojua unachomeza, nakutibu nikiwa nimefumba macho. Kuanzia sasa utameza hizi nyeupe tu. Kimoja, asubuhi, ukishakula. Zile nyingine uturudishie. Na usiache wala usiongeze dawa bila kutuuliza."

"Kula ndiyo kazi, daktari. Viazi ni vya watoto."

Dada Daftari ndiye aliyejibu. "Shemeji, viazi viwili vyako si kuwanyang'anya watoto. Ukianguka darajani, watoto hawatakula hicho wala kingine."

Breki alimgeukia mke wake. "Basi viwili," alisema.

Dada Daftari alichomoa daftari jipya kwenye mfuko wake. Aliandika jina la ugonjwa na lile jina dogo la dawa. "Hili ndilo la kuonyesha huku na kule," alisema. "Kadi ziwe mbili, daftari liwe moja. Na mfukoni usikose sukari kidogo kwenye karatasi. Ukihisi jasho na kutetemeka, ilambe kwanza, kisha ule, kisha uje hapa. Mama Shazia, ukimkuta amezimia hamezi, usimtie kitu mdomoni. Mkimbize hospitali."

Kesho yake, waliporudi nyumbani na kopo lao, mama mkwe alisikiliza habari yote hadi mwisho. Alilitazama lile kopo. "Kumbe mchawi tumekuwa tukimfunika kifuniko wenyewe," alisema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Mshika mbili moja humponyoka."

"Mimi hazikuniponyoka, mama," alisema Breki. "Zilinishika zote mbili."

Afande alirudisha kibali. Hakuomba radhi, kazi yake haina neno hilo. Lakini tangu siku ile aliweka kibandani kopo la sukari ambalo si la chai, na mpagazi yeyote akionekana kuyumba, swali la kwanza lilikuwa, "Umekula?" La pombe lilikuja la pili.

Baada ya miezi mitatu, dawa ziliisha tena zahanati. Breki alivuka na daftari lake, akalifungua mbele ya muuguzi wa ng'ambo bila kuficha kitu. Muuguzi alilisoma, akampa paketi ya njano. Jioni Mama Shazia aliiweka mezani karibu na ile tupu ya zamani, akatembeza vidole viwili. Ilikuwa ileile. Dawa za huku zilipofika, alikwenda dirishani mwenyewe na kusema, "Mume wangu anazo za mwezi huu, ni hizihizi za njano. Hizo mpeni mwingine anayengoja." Nyuma yake alisimama mama mmoja aliyekuwa ameambiwa "bado" mara mbili. Siku hiyo aliondoka nazo.

Maisha hayakuwa mepesi. Mvua bado iliwaachia chumba kimoja na nusu, na mkokoteni bado ulisimama kwa visigino. Lakini asubuhi viazi viwili vya kwanza vilikuwa vya Breki, na watoto ndio waliomsimamia hadi avimalize.

Asubuhi moja, kama saa nne, alisimamisha mkokoteni mbele ya magunia ya mke wake.

"Mama Shazia," alisema, "tuko upande gani?"

Shazia ilimponyoka mkononi. Mwanamke yule aliinuka, akamshika mume wake paji la uso. Lilikuwa kavu. Akamshika mikono. Ilikuwa mikavu, imejaa vumbi la saruji, imetulia.

"Simu imeruka tena," alisema Breki akiionyesha. "Nataka kujua kama nimechelewa. Kwani vipi?"

"Umekula?"

"Viwili. Watoto ni mashahidi."

Mama Shazia aliokota shazia yake, akakaa, akavuta gunia lililofuata.

"Wa huku," alimjibu.